Mercedes ya zamani: iache ilale kwanza

Mwezi jana nilikuwa karibu kutoa dola 4.000, pesa yote ya mahindi yangu ya Ruzizi, juu ya Mercedes S ya mwaka 2001. Siti za ngozi, moteri inanguruma pole. Kila nilipofika, nilikuta muuzaji ameshaiwasha. Mimi nikaona ni heshima!

Fundi mmoja akaniambia: omba ilale imezimwa mpaka asubuhi. Mercedes S nyingi za 1998 mpaka 2005 hazina resori za chuma, zinabebwa na mifuko ya hewa, moja kwa kila tairi. Mpira ukizeeka unatoboka kidogo kidogo. Kompresa inajaza hewa, inajaza tena, bila kupumzika, mwisho inaungua. Moteri ikiwaka huwezi kujua kitu, gari inajiinua yenyewe.

Asubuhi tulikuta mbele kushoto imekaa chini kabisa, tairi imefunikwa na bodi. Fundi alinipa bei ya mufuko mmoja: pesa ya mbegu za musimu muzima. Na mifuko iko ine, na barabara zetu munazijua.

Muuzaji alishuka mpaka 3.000. Nilikataa. Sasa niko natafuta Corolla, na hiyo pia italala kwanza.