Tanuri la Mkate Nyuma ya Nyumba

Mtu akisikia neno piza hudhani ni chakula cha hoteli za mjini. Sivyo. Ni mkate wa watu wa kawaida wa Napoli, katika Italia: unga wa ngano uliokandwa na kutandazwa, ukapakwa nyanya na kutiwa jibini kidogo, basi. Tena Mapadre Wapasionisti waliofika Dodoma katika miaka ya 1930 walitoka nchi hiyohiyo. Kinachotakiwa ni tanuri tu, nalo ni udongo na matofali, kazi ambayo wajenzi wa tembe hawahitaji kufundishwa sana.

Lakini kwanza habari ya kuni. Nchi yetu ni kavu, mvua ni za msimu mmoja, na akina mama wanajua jinsi kuni zinavyofuatwa mbali. Tanuri huwashwa saa mbili nzima kabla ya kuoka. Ukiliwasha kwa ajili ya mikate miwili, umeteketeza mti bure. Basi msijenge kila nyumba lake. Nyumba kumi za jumuiya zijenge moja. Mwenye zamu awashe, wote walete unga.

Lijengwe nje, chini ya kibanda cha bati, mlango ukiupa kisogo upepo wa kiangazi utokao kusini-mashariki. Inueni jukwaa la mawe kufika kiunoni. Juu yake tieni majivu makavu yaliyochanganywa na udongo kidogo, unene wa inchi 4, ili joto lisizame chini. Wengi huliacha jambo hili, kisha hulalamika kwamba mkate ni mbichi chini. Halafu mchanga, na matofali ya kuchoma yaliyobanana bila udongo kati yake, duara la futi 3.

Kuba hujengwa juu ya lundo la mchanga wenye maji, lililofunikwa magazeti yaliyoloweshwa (hili msilitumie kabla hamjalisoma). Kimo chake ndani kiwe inchi 16, na mlango inchi 10. Vipimo hivi msivibadili. Mlango ukizidi urefu, joto hukimbia; ukipungua, moto hukosa hewa, maana hewa huingia chini ya mlango na moshi hutoka juu ya mlango huohuo. Unganisheni kwa udongo wa kichuguu na mchanga, si saruji. Saruji hupasuka kwa moto. Kuba likishika, ondoeni mchanga, mkandike nje kwa udongo wenye nyasi, unene wa inchi 4 au zaidi. Likauke wiki mbili, kisha vimoto vidogo siku tano. Mwenye haraka atapata nyufa.

Kuni nzuri ni matawi yanayopogolewa mizabibuni. Huko Hombolo na Bihawana zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na matawi hayo hayakosekani. Moto ukiwaka, ndani huwa peusi kwa masizi. Masizi yakiungua na matofali kuwa meupe tena, joto limefika. Sogezeni makaa upande mmoja: piza huiva kwa dakika mbili tatu.

Kisha toeni makaa yote, mfute sakafu kwa tambara bichi, mnyunyize unga kidogo. Ukiwa mweusi mara moja, ngojeni. Ukigeuka rangi polepole, ingizeni mikate. Ngano ni ghali, kwa hiyo changanyeni kipimo kimoja cha unga wa mtama kwa vinne vya ngano. Mkate utaumuka bado. Mikate ikitoka, ingizeni chungu cha maharage, mzibe mlango, mkalale. Asubuhi kitoeni, na mahali pake wekeni kuni za zamu ijayo zikaukie humo.