Windows ya soo tano: nani analipia ile programu ya bure?

Fundi wangu wa kompyuta haniulizi maswali mengi. Mwaka jana nilimpelekea laptopu ya ex-UK niliyonunua kwa bei nafuu, ikiwa inachukua dakika nzima kuwaka. Akaifungua, akaiangalia kidogo. "Hii tunaweka Windows upya, mkubwa. Nikuwekee na Office, Photoshop, halafu nikujazie muvi kwa diski. Soo tano, kila kitu." Nilikubali kabla hajamaliza.

Jioni nikaichukua. Ilikuwa inawaka haraka kweli, siwezi kudanganya. Kitu kimoja tu kilinishangaza: ile kinga ya virusi inayokuja na Windows yenyewe ilikuwa imezimwa, na kila nikiiwasha inajizima tena. Nikampigia fundi. Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Hiyo iache tu hivyo. Ukiiwasha, itafuta kraki na Windows itaanza kukusumbua."

Jibu hilo nimelifikiria sana, maana kazi yangu ni kuwaandikia watu wanaobeba pesa zao ndani ya simu. Laptopu hiyo ndiyo ninayofungulia tovuti ya benki, ndiyo ya kulipia ushuru, ndiyo mke wangu anayoangalilia mauzo ya till ya duka lake. Na sasa mlinzi wake ameambiwa alale ili mgeni asisumbuliwe.

Sitaki kuhubiri hapa. Karibu kila mtu ninayemjua ana kitu cha kunakili mahali fulani: wimbo, muvi, Office ambayo hakuna aliyewahi kuilipia. Na watu wana malalamishi ya haki. Adobe, wenye Photoshop, tangu 2013 matoleo mapya wanayatoa kwa kodi ya kila mwezi. Ukiacha kulipa, inafungwa, hata kama umelipa miaka mitano. Bei inapangwa kwa dola na mtu analipwa kwa shilingi. Microsoft nao walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka vifaa ambavyo laptopu nyingi za zamani hazina. Mashine nzima kabisa, haina shida yoyote, inaambiwa imezeeka. Wanaojiandikisha walipewa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini ni wangapi waliambiwa na fundi kwamba kuna kujiandikisha?

Kulikuwa na lalamiko lingine la haki: hata ukitaka kulipa, utalipaje? Kwa miaka mingi kampuni hizi zilitaka kadi ya benki tu, wakati Mkenya wa kawaida pesa yake ilikuwa kwa simu tangu M-Pesa ianze 2007. Hilo limepungua makali. Leo duka la programu la Google linakubali malipo ya simu hapa Kenya, na unaweza kupata kadi ya mtandaoni bila kuingia benki. Kwa hivyo "sina kadi" si sababu tena. "Sina pesa" bado ni sababu, na nitairudia.

Vita hivi si vipya. Februari 1976, Bill Gates akiwa na miaka 20, aliandika barua ya wazi akiwalaumu wapenzi wa kompyuta kwa kunakili programu yake ya BASIC ya kompyuta ya Altair. Alisema waliokuwa wameinunua hawafiki hata asilimia 10 ya wenye Altair. Miaka 22 baadaye, 1998, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington kuhusu China, alikuwa na sauti tofauti: kwamba kama watu wataiba programu, basi afadhali waibe za Microsoft, watazizoea, na siku moja njia ya kuwatoza itapatikana. Soma hiyo mara mbili. Mimi huwa naikumbuka kila mtu anaponiambia kwamba kutumia Windows ya kuiba ni kuwakomoa matajiri. Watoto wetu wanafunzwa kwa Windows, mafundi wanajua Windows, maofisi yanataka faili za Word. Sijui ni nani aliyekomolewa hapo.

Lakini kwako wewe unayesoma hapa, jambo kubwa si pesa za Microsoft. Ni zako.

Ukinunua unga wa wizi, ugali utaiva tu. Programu haiko hivyo. Ukisakinisha programu kwa kompyuta, Windows inakuuliza kama unairuhusu ifanye mabadiliko kwenye mashine. Ukibonyeza ndiyo, umeiachia funguo za nyumba. Aliyevunja kufuli ya Photoshop humjui. Hujui alitoa nini ndani na aliweka nini. Na masharti yake ya kwanza, karibu kila mara, ni kwamba uzime kinga ya virusi.

Mfano upo. Kuna kraki ya Windows inayojulikana sana, KMSPico. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi feki vya KMSPico vilivyokuwa vimebeba CryptBot, programu ya kuiba nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Mtu alikuwa anapata Windows yake vizuri, inafanya kazi, anafurahi. Nyuma yake, kila nywila aliyowahi kubonyezea "hifadhi" inasafiri. Nywila ya barua pepe ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ndiyo inayotumika kubadilisha nywila za mahali pengine pote.

Mwingine unaitwa STOP, wengine huuita Djvu. Huu umesambaa sana kupitia programu za kukrakiwa. Unafunga picha zako, hesabu zako za duka, kazi ya shule, kila kitu, halafu unaacha barua: lipa dola 980, au 490 ukiwasiliana nao ndani ya saa 72. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure kilichoweza kusaidia waathiriwa wengi wa matoleo ya awali, lakini matoleo mengi ya baadaye hakiyawezi. Hebu piga hesabu ya dola 490 kwa shilingi, kisha linganisha na soo tano ya fundi.

Na wenye Apple wasicheke. Januari 2009 nakala za wizi za iWork, programu ya ofisi ya Apple, zilikutwa na programu ya kuteka kompyuta ndani yake. Mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoendesha mashine nzima, uwe Windows, macOS au Android, hauwezi kukulinda dhidi ya mlango uliofungua mwenyewe.

Sasa twende kwa simu, maana huko ndiko pesa ziko.

Simu ya Android imepangwa kama ploti. Kila programu ina chumba chake na haiwezi kuingia chumba cha jirani. Programu ya tochi haioni programu yako ya benki. Ukitaka chumba fulani kipate kitu cha nje, kwa mfano kusoma SMS au kuona majina ya watu wako, lazima wewe mwenye ploti useme ndiyo. Kuanzia Android 8 ya 2017, hata kuweka programu kutoka nje ya duka rasmi kunahitaji ukubali chanzo hicho kwanza. Ni mpango mzuri. Tatizo ni kwamba tunasema ndiyo kwa kila kitu bila kusoma.

Chukua zile WhatsApp za kando: GB, FM, Yo na nyinginezo. Wakenya wanazipenda kwa sababu unaona status bila kuonekana na unasoma ujumbe uliofutwa. WhatsApp wenyewe hawazitambui, na wanaweza kukufungia akaunti kwa muda. Hiyo ni adhabu ndogo. Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilitangaza kwamba toleo 16.80.0 la FMWhatsApp lilikuwa na programu hasidi inayoitwa Triada. Mtu akishaipa FMWhatsApp ruhusa ya kusoma SMS, Triada nayo inasoma. Walieleza kwamba kwa ruhusa hiyo wezi wanaweza kukuandikisha kwa huduma za kulipia bila wewe kujua, hata zile zinazotuma nambari ya kuthibitisha, kwa sababu nambari yenyewe inasomwa humo humo ndani. Mwaka uliofuata Kaspersky wakakuta toleo la YoWhatsApp linaiba funguo za akaunti ya WhatsApp.

Wateja wengi wanaolalamika kwamba krediti inaisha yenyewe huilaumu kampuni ya simu moja kwa moja. Wakati mwingine wako sawa. Lakini kabla ya kupiga, angalia ni programu zipi umeziruhusu kusoma SMS.

Kuna ruhusa moja ambayo ningekuomba uiogope kuliko zote. Kwa mipangilio ya simu inaitwa Ufikivu. Iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona, ili programu iwasomee kilichoko kwenye skrini na kuwabonyezea. Sasa fikiria programu ya muvi za bure inaomba ruhusa hiyo. Itasoma skrini yako, itabonyeza kwa niaba yako, na itafanya hivyo hata ukiwa ndani ya programu ya benki. Programu ya kutazama mpira au muvi haina kazi yoyote na Ufikivu. Ikiomba, ifute hapo hapo.

Niseme ukweli kuhusu muvi zenyewe, nisije nikaonekana natia chumvi. Faili la muvi la kawaida ulilojaziwa kwa flashi si programu, na mara nyingi halina madhara kwa simu yako. Hatari huwa kwa kilichoizunguka: tovuti yenye vibonye kumi vya "pakua hapa", kichezeshi maalumu unachoambiwa lazima ukiweke kwanza, au programu ya kutazama bure uliyotumiwa kwa kikundi. Hapo ndipo muvi inageuka kuwa mlango.

Anayeumia na muvi ya kunakili ni mwingine, na mara nyingi ni wa hapa. Microsoft itaishi. Msanii wa Kayole aliyekopa kurekodi albamu haishi kwa mahesabu ya Bill Gates. Katika filamu ya Nairobi Half Life ya 2012, kijana Mwas tunamkuta kijijini akiuza DVD za muvi za mapigano huku akiziigiza mbele ya wateja, na ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Kila nikiitazama naona hiyo kejeli: anauza kazi za waigizaji wa ng'ambo, huku yeye hana wa kumnunua. Hakimiliki hapa kwetu ina sheria yake ya 2001 na ina bodi yake, KECOBO. Mimi binafsi kazi za Kenya nazilipia, hata zikiwa za mia mbili. Sisemi hivyo kwa kila kitu cha Hollywood.

Nirudi kwa laptopu yangu, kwa sababu hapa ndipo nilipojikasirikia. Laptopu nyingi zilizokuja na Windows kuanzia Windows 8 zina leseni yake imeandikwa ndani ya mashine kiwandani. Ukiweka upya Windows halali ya aina ile ile, inajitambua na kujiwasha yenyewe ikipata intaneti. Nilipoiangalia yangu, leseni ilikuwemo. Nililipa soo tano nikawekewa ya wizi juu ya ile niliyokuwa nayo tayari. Nilipomwambia fundi, alicheka akasema hajawahi kuangalia, na sidhani alikuwa ananidanganya. Kwa hivyo kabla ya kukabidhi mashine, nenda kwa mipangilio, sehemu ya uamilishaji, uone imeandikwa nini. Kisha mwambie fundi apakue Windows kutoka tovuti ya Microsoft, si kutoka kwa flashi yake.

Na kama huna pesa ya Office, huhitaji kuiba. LibreOffice ni bure kihalali, inafungua faili za Word na Excel, ingawa mpangilio huharibika kidogo mara nyingine. VLC inacheza karibu muvi yoyote. Mashine iliyokataliwa na Windows 11 inaweza kuwekwa Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza 2004 na ambayo jina lake lina maana ya utu kwa Kizulu. Imejengwa juu ya Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991. Ukiona ni kitu kigeni, kumbuka Android yako nayo imejengwa juu ya Linux hiyo hiyo. Ubaya wake: Photoshop haiendi humo, na printa nyingine zitakutesa.

Kama unashuku simu yako imeshaingiliwa, usibadilishe PIN ukitumia simu hiyo, maana anayesoma skrini ataisoma na hiyo mpya. Toa laini, iweke kwa kabambe, ubadilishie PIN hapo, kisha upigie huduma kwa wateja ukieleza kilichotokea. Nywila ya barua pepe ibadilishie kwa kifaa kingine safi. Ile simu iliyoingiliwa, hifadhi picha zako, ifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, na unaporudisha programu zako, zitoe kwenye duka rasmi moja moja. GB usiirudishe.