Kupima Unyevu wa Hewa Ghalani: Mkono, Unywele na Utambi

Tumbaku ya mvuke ikikauka kupita kiasi huvunjika mikononi. Ikizidi unyevu huota kuvu ndani ya robota. Kwa vyama vya msingi vya Mpanda na Mkoa mzima wa Katavi, hasara zote mbili humwangukia mkulima siku ya soko. Chanzo chake mara nyingi ni hewa ya ghalani.

Hewa yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi huweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke wa maji katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20, hubeba gramu 17 tu. Kwa hiyo ghala lililokuwa kavu mchana laweza kuwa na unyevu alfajiri, ingawa mvua haikunyesha.

Njia za kupima ni tatu:

1. Mkono. Mkulima hukunja jani na kusikiliza mshipa wake. Njia hii haina gharama, lakini hupima jani moja tu, wala haiachi tarakimu ya kuandikwa.

2. Kipimo cha unywele. Unywele hurefuka hewa inapolowa na kuvuta mshale. Husomwa upesi, ila hupotoka kadiri siku zinavyopita. Ili kukihakiki, kifungiwe usiku kucha chomboni pamoja na chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo, bila kugusana nayo. Mshale uonyeshe asilimia 75.

3. Vipimajoto viwili, kimoja kikivishwa utambi wa pamba uliolowa. Maji yanapokauka, utambi hupoa. Kikavu kikisoma 30 na chenye utambi 22, unyevu ni karibu asilimia 50. Utambi ukisoma 28, unyevu ni karibu asilimia 86, na marobota yako hatarini. Majibu hutafutwa katika jedwali.

Njia ya tatu ndiyo ya kuaminika zaidi, lakini yahitaji uangalifu. Wakati wa kiangazi vumbi na masizi ya mioto ya porini huziba utambi. Hapo haupoi ipasavyo, na hewa huonekana kuwa na unyevu kuliko ilivyo. Utambi ubadilishwe mara unapochafuka, na maji yawe safi.

Inafaa Katibu asome vipimo asubuhi na alasiri, aviandike daftarini, na mwanachama yeyote aruhusiwe kuviona. Robota likikataliwa sokoni, daftari hilo litasaidia kuonyesha iwapo unyevu ulitoka ghalani au ulikuja na jani.