Shauri la Mtoto ni la Ukoo

Mithali yasema, Mkono mmoja haulei mwana. Katika nchi ya Nyuzilandi, Wamaori walinung'unika kwa kuwa watoto wao waliokosa matunzo walitwaliwa na Serikali na kulelewa na watu baki, hata wengine wasijue ukoo wao. Basi mwaka 1989 ilitungwa sheria: mtoto akiwa hatarini, huitishwa baraza la jamaa, yaani babu, bibi, shangazi na wajomba. Maofisa hueleza habari zote, kisha hutoka nje, jamaa washauriane peke yao nani atamlea. Lakini maofisa wasiporidhika kuwa atakuwa salama, jambo laweza kufika kwa hakimu. Twaona hekima hapa: ukoo waheshimiwa, wala hauachiwi kuficha ubaya.