Kuinua gari la mlimani: Kila sentimita ina gharama yake

MASIKA yanapokaribia, wenye magari ya kazi mjini Morogoro hujiuliza swali lile lile la kila mwaka: ni gari gani litakalopanda Mgeta, Matombo au Kinole na kurudi na mzigo wake salama?

Kwa mkazi wa Mwembesongo, kata iliyo kwenye tambarare ya mji, Milima ya Uluguru huonekana karibu sana. Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha juu cha milima hiyo, Kimhandu, kinazidi mita 2,600. Miteremko ya mashariki hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi.

Mvua hiyo ndiyo inayostawisha ndizi, karafuu na pilipili manga upande wa Matombo na Kinole. Baridi ya Mgeta nayo ndiyo inayokuza kabeji, karoti na njegere zinazoliwa Dar es Salaam. Lakini mvua hiyo hiyo huchimba makorongo katikati ya barabara na kuacha utelezi ambao gari dogo haliwezi kuumudu.

Jibu la wengi limekuwa kulifanyia gari marekebisho. Springi huongezwa, mwili wa gari huinuliwa, tairi kubwa hufungwa, bodi hukatwa na kuundwa upya, na bomba refu la kuvutia hewa huwekwa pembeni ya kioo cha mbele.

Mengi ya marekebisho hayo yana manufaa ya kweli. Hata hivyo, hakuna hata moja lisilo na gharama. Kila uzito au kimo kinachoongezwa mahali pamoja hudaiwa mahali pengine, na mara nyingi anayelipa deni hilo ni abiria aliyeketi nyuma.

Magari yaliyozaliwa kwa kazi

Magari yanayofanyiwa marekebisho haya kwa wingi ni ya aina mbili: Land Rover na Toyota Land Cruiser.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Hadi mwaka 1983, ilipotoka One Ten, magari hayo ya kazi yalitumia springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Uzalishaji wa Defender ya zamani ulikoma Januari 2016.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza mwaka 1984. Mwaka 1999 aina za 78 na 79 zilipewa springi za koili mbele, lakini nyuma zilibaki na vyuma bapa. Sababu ni rahisi: springi za aina hiyo hubeba mzigo mzito, huvumilia matumizi mabaya, na fundi wa mtaani anaweza kuzifungua na kuzifunga kwa vifaa vya kawaida.

Urahisi huo ndio unaozifanya zichezewe kirahisi.

Hesabu ya springi

Njia ya kwanza ya kuinua gari ni kuongeza vipande vya springi. Springi yenye vipande vitano vinavyofanana ikiongezewa viwili, ugumu wake hupanda kwa asilimia 40 hivi. Unene una nguvu zaidi, kwani kipande kilichozidishwa unene mara mbili huwa kigumu mara nane.

Gari la namna hiyo halibonyei likipakia tani moja ya kabeji. Lakini likirudi tupu, springi hukataa kucheza, magurudumu ya nyuma hurukaruka kwenye mawe, na tairi isiyogusa ardhi haiwezi kusukuma wala kusimamisha gari.

Aidha, springi ngumu hupeleka kishindo chote kwenye chasisi. Nyufa huanza kuonekana karibu na mahali springi zinaposhikiliwa, na mara nyingi hufunikwa na tope hadi siku ya kuvunjika.

Njia ya pili ni kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli ili gari lipande. Hii ni nafuu, lakini kipande hicho huongeza mkono wa nguvu inayopinda springi wakati wa breki na wakati wa kupanda mlima. Yubolti zisipokuwa za urefu na ubora unaotakiwa, ekseli inaweza kuhama mahali pake.

Njia ya tatu ndiyo bora: kununua springi zilizoundwa kwa kimo na uzito uliokusudiwa, pamoja na shokomzoba zenye urefu unaolingana. Shokomzoba fupi kwenye gari lililoinuliwa huishia kuvutwa hadi mwisho wake kila gurudumu linaposhuka shimoni, na haichukui muda kukatika.

Breki zinazodanganywa

Madhara mengine hayaonekani kwa macho. Gari likipanda, pembe ya propela nayo huongezeka na maungio yake huchakaa mapema. Magurudumu ya mbele hubadili mlalo, na usukani unaweza kuacha kurudi wenyewe baada ya kona. Mipira ya breki nayo huvutika.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kifaa kidogo kilichofungwa karibu na ekseli ya nyuma katika pick-up nyingi za Kijapani. Kazi yake ni kupima umbali kati ya chasisi na ekseli. Gari likiwa na mzigo, umbali hupungua na kifaa huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, umbali huongezeka na nguvu hupunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasigande.

Gari likiinuliwa bila kifaa hicho kurekebishwa, husomeka kuwa ni tupu hata likiwa limesheheni. Breki za nyuma hupewa nguvu ndogo wakati mzigo wote uko nyuma. Dereva anayeteremka kutoka Nyandira akiwa na magunia anaweza kulijua hilo pale tu breki za mbele zinapoanza kupata moto.

Tairi kubwa

Tairi kubwa huinua ekseli yenyewe, jambo ambalo springi haziwezi kufanya. Ndiyo maana hupendwa, kwani uvungu wa difu hupata nafasi zaidi juu ya mawe.

Hata hivyo, tairi ya inchi 33 ikiwekwa mahali pa ile ya inchi 31, mzunguko wake huwa mrefu kwa zaidi ya asilimia 6. Mshale wa mwendokasi ukionesha kilomita 75 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu 80. Nguvu ya injini inayofika ardhini hupungua kwa kiwango hicho hicho, na breki zile zile hulazimika kuzuia gurudumu kubwa zaidi.

Bodi, keria na abiria

Sehemu yenye hatari kubwa zaidi ni bodi. Wakazi wa Dar es Salaam wa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 watakumbuka "chai maharage", magari ya mizigo yaliyofungwa mabenchi ya mbao na abiria wakaketi wakitazamana. Vijijini, ambako basi halifiki, fikra hiyo haijafa: pick-up hufungwa mabomba, turubai, mabenchi na keria juu.

Hatari yake inaweza kuelezwa kwa hesabu ya mfano. Gari lenye uzito wa kilo 2,000, upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu na kitovu cha uzito kilicho sentimita 70 kutoka ardhini, linaweza kuinamishwa upande hadi karibu digrii 47 kabla ya kupinduka.

Likipakia kilo 1,000 za magunia na watu, kitovu cha mzigo huo kikiwa mita 1.5 juu, kitovu cha gari zima hupanda hadi sentimita 97 hivi. Kikomo hushuka hadi digrii 38. Gari hilo hilo likiinuliwa sentimita 10, hubakiwa na digrii 35 hivi.

Hizo ni digrii za gari lililosimama, springi zikiwa hazijalala. Barabarani hali huwa mbaya zaidi. Gurudumu la upande mmoja likitumbukia kwenye mfereji wa kina cha sentimita 30, gari hulala kwa zaidi ya digrii 11 kwa mkupuo. Ongeza mteremko wa barabara, kona, na abiria wanaoyumba kuelekea upande ule ule. Kilichobaki ni kidogo.

Wanaoketi juu ya keria hupandisha kitovu hicho zaidi kuliko mzigo mwingine wowote. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kupakia gari la mlimani ni kizito chini, chepesi juu, na mtu asikae juu kabisa.

Kwa upande wa ufundi, chasisi haitakiwi kukatwa na kuungwa kwa mstari mmoja wa wima, kwa kuwa joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kando ya kiungo. Kiungo huhitaji kukatwa kwa mshazari na kuwekewa bamba la kuimarisha. Kwa Land Rover, aluminiamu ikigusana moja kwa moja na chuma mahali penye unyevu, aluminiamu huliwa. Hivyo kitenganishi cha mpira au rangi nzito ni lazima.

Arusha, ambako Land Cruiser hurefushwa na kuwekewa paa la kuinuka kwa ajili ya watalii, kazi ya namna hii imekuwa biashara kamili yenye karakana maalumu. Hilo ni ushahidi kwamba marekebisho makubwa yanawezekana nchini, mradi yafanywe kwa vipimo.

Mkonga na mipaka yake

Bomba refu la hewa ndilo lililoipatia Land Cruiser jina la "mkonga" mitaani. Injini huvuta hewa. Ikivuta maji badala yake, silinda hujaa kitu kisichobonyezeka na vyuma vya ndani hupinda. Mkonga huchukua hewa juu, mbali na maji na vumbi.

Hata hivyo, mkonga hauligeuzi gari kuwa mashua. Difu na gia boksi zina matundu ya kupumulia ambayo huvuta maji yasiporefushwa kwa mipira. Tena mto unaosukuma gari ubavuni haujali hewa inaingilia wapi.

Sheria na bima

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kutumia barabarani gari lililo katika hali ya kuhatarisha watu. Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania huonesha aina ya bodi, namba za chasisi na injini, uzito na idadi ya viti. Gari lililobadilishwa bodi huku kadi ikibaki ile ile huwa na maelezo yasiyo ya kweli.

Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu mwaka 2019. Bima nayo hutegemea maelezo aliyotoa mteja. Gari lililokatiwa bima kama la mizigo likipinduka na watu 15, familia za majeruhi zinaweza kujikuta katika mabishano marefu kabla ya kuona fidia.

Nchini Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania, mabadiliko ya muundo yanayopandisha kimo cha gari kwa zaidi ya sentimita 4 yanaweza kulazimu ukaguzi na usajili upya. Huko kimo huchukuliwa kuwa suala la usalama.

Kabla ya kwenda gereji

Mwenye gari anayetaka kulirekebisha anashauriwa kuanza na swali moja: gari litabeba nini, na kwa njia ipi? Pick-up ya kubeba mboga kutoka Mgeta huhitaji springi imara na kimo cha wastani. Gari la kubeba watu huhitaji springi laini zaidi, viti vilivyofungwa barabara, na paa lisilopandwa.

Baada ya kazi, fundi aulizwe mambo matano: urefu wa mipira ya breki, kifaa cha breki za nyuma, pembe ya propela, mlalo wa magurudumu ya mbele, na ubora wa yubolti. Zote zikazwe tena baada ya safari za kwanza. Gari lijaribiwe tupu, kisha na mzigo wa magunia, kabla ya kupakia mtu yeyote.

Kwa abiria, kipimo ni chepesi zaidi. Gari ambalo tayari lina watu juu ya keria limekwisha kula sehemu kubwa ya usalama wake kabla halijaondoka stendi. Kusubiri jingine kunaweza kugharimu saa kadhaa, lakini katika barabara za Uluguru saa hizo ni bei ndogo.