Nyutrino na Kazi ya Utafiti Baada ya Udaktari

Makala haya yametokana na swali. Mama mmoja, jirani yetu wa Kapalata, muuza samaki, ana mwana aliyepata udaktari wa fizikia ng'ambo. Ukoo mzima ulimngojea arudi. Badala yake akaleta habari kwamba ameajiriwa kwa miaka miwili katika kikundi kinachochunguza nyutrino, akiwa mtafiti wa baada ya udaktari. Mama akanijia jioni, akasema: "Mwalimu, wewe ni mtu wa chuo kikuu. Kama mtoto amemaliza, mbona bado anasoma? Na hicho kitu anachokitafuta, kilipotelea wapi?"

Mimi ni mwanaisimu, si mwanafizikia. Hata hivyo, kumjibu mama huyu kwa Kifaransa kungekuwa kumkimbia. Wenzetu wengi hudai kwamba Kiswahili hakina kinywa cha mambo haya, basi tukijaribu.

Tuanze na jina, kwa kuwa hapo ndipo fani yetu inaposaidia. Mwaka 1930 Wolfgang Pauli aliona kwamba baadhi ya viini vya atomu, vinapotoa elektroni, hupoteza nishati isiyojulikana iendako. Akakisia kwamba iko chembe isiyo na chaji ya umeme inayotoroka nayo. Aliiita nyutroni, lakini mwaka 1932 James Chadwick akagundua chembe nyingine, nzito, ikachukua jina hilo. Ndipo Waitaliano wa kundi la Enrico Fermi wakatumia hila ya lugha yao: kwao kiishio -one hukuza, na -ino hudunisha. Nyutrino ni "kasiko-chaji kadogo". Msemaji wa Kiswahili cha Kongo hahitaji kufafanuliwa zaidi, maana kiambishi ka- cha katoto na kanyumba, na wingi wake tu-, kingali hai vinywani mwetu, ijapokuwa vitabu vya sarufi sanifu hukitazama kwa jicho la pembeni.

Udogo si shida yake kubwa. Shida ni kwamba nyutrino karibu haigusani na kitu chochote. Zitokazo kwenye Jua peke yake hupita takriban bilioni 65 kila sekunde katika kila sentimita mraba, yaani eneo la ukucha wa kidole gumba, usiku na mchana. Kwani usiku huivuka Dunia yote na kututokea kutoka chini. Hata ndizi za sokoni huzitoa, kwa sababu ya potasiamu iliyomo. Wala si ngeni katika historia ya nchi yetu. Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kiliwasha mwaka 1959 mtambo wa nyuklia wa kwanza katika Afrika. Uliofuata, Trico II, wenye nguvu ya megawati 1, uliwashwa mwaka 1972 na kusimama mwaka 2004. Mtambo wa kiasi hicho, ukiwaka kwa nguvu zake zote, hutoa kila sekunde nyutrino kadiri ya 2 ikifuatwa na sifuri 17 (kwa usahihi ni antinyutrino, jamaa zake). Zilipenya kuta na watu, zisiwadhuru.

Basi zinakamatwaje? Nilimkumbusha mama vikapu vikubwa ambavyo Wagenia huvitundika kwenye miti katika maporomoko ya Boyoma. Mvuvi hayafukuzi maji. Huweka kikapu kipana mahali mkondo ulipo mkali, akangoja. Frederick Reines na Clyde Cowan walifanya vivyo hivyo: mwaka 1956, huko Savannah River, Marekani, waliweka mapipa ya maji karibu na mtambo mkubwa wa nyuklia, wakapata nyutrino kama tatu tu kwa saa. Mfano wa kikapu una mpaka wake, lakini. Nyutrino haibaki ndani; huacha mimweko miwili ya mwanga inayofuatana, na hiyo ndiyo alama ya kwamba iligonga.

Tena kuna takataka za mtoni. Chembe zitokazo angani hunyesha juu ya vyombo na kuiga alama hizo, kwa hiyo watafiti hujificha chini ya miamba. Hapa Afrika ilitoa mchango usiosimuliwa sana. Mnamo Februari 23, 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, Afrika Kusini, kwenye kina cha zaidi ya kilomita 3, Reines, Friedel Sellschop na wenzao walipata alama ya nyutrino iliyozaliwa angani, si mtamboni. Jasho la vibarua Waafrika waliochimba shimo lile chini ya ubaguzi wa rangi halina budi kutajwa pia. Huko Japani, chombo cha Super-Kamiokande kina tani 50,000 za maji chini ya mlima; mwaka 1998 kilionyesha kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, na kwa hiyo zina uzito.

Sasa kazi ya yule kijana. Katika vyuo vyetu, baada ya msaidizi na mkuu wa kazi, mwenye udaktari hupanda kuwa profesa. Hakuna ngazi ya katikati, ndiyo sababu haina jina. Watanzania huita udaktari uzamivu, kutokana na kuzamia. Huyu basi amekwisha kuzamia, naye angali chini. Si mwanafunzi: analipwa, anawaongoza wanafunzi, anapima vyombo, anakesha zamu, anatunga kwa kompyuta mifano ya alama za kweli na za uongo ili azitenganishe. Mkataba wake una mwisho, na baada yake hana ahadi. Sikumficha mama jambo hilo.

Alinyamaza kidogo, akauliza: "Na kikapu chake, kimepata kitu?" Nilimwandikia kijana. Akajibu kwamba mwaka huu wote wanapima takataka tu.