Diwali: Sikukuu ya Taa na Ujirani Mwema

Maana yake
Diwali ni sikukuu ya taa ya Wahindu. Jina hilo limetokana na neno la Kisanskriti, Dipavali, yaani safu ya taa. Huadhimishwa usiku ambao mwezi hauonekani, kati ya Oktoba na Novemba. Kwa kuwa hufuata kalenda ya mwezi, tarehe yake hubadilika: mwaka 2023 iliangukia tarehe 12 Novemba, na mwaka 2025 tarehe 20 Oktoba.

Kiini chake ni ushindi wa nuru dhidi ya giza. Wahindu wengi hukumbuka Rama aliporejea Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamishoni. Wafanyabiashara humwomba Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na kufungua vitabu vipya vya hesabu.

Ilifikaje Morogoro?
Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Wafanyabiashara wenye asili ya India, wengi wao kutoka Gujarat, walifungua maduka katika miji ya njia hiyo. Walikuja na bidhaa, lugha na dini zao.

Inawaunganishaje majirani?
Nyumba husafishwa, vijitaa vya udongo vyenye mafuta na utambi wa pamba huwashwa mlangoni, na fataki hurushwa. Ladu, barfi na chevda hugawiwa majirani wa dini zote. Mkazi wa Kilakala anayepokea sahani hiyo habadili dini yake. Anapokea ujirani, kama anavyopokea pilau ya Idi au ya Krismasi.

Nchini Tanzania Diwali si siku ya mapumziko ya kitaifa. Kushiriki ni hiari. Uhuru wa kila mtu kufuata dini yake unalindwa na ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977.

Makosa ya kuepuka
1. *Kuchanganya Mhindi na Mhindu.* Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni muumini wa dini ya Kihindu. Mfano ni Amir Jamal, aliyekuwa mbunge wa Morogoro na waziri wa fedha wakati wa Mwalimu Nyerere. Asili yake ilikuwa India, lakini alitoka katika familia ya Waislamu wa Ismailia.
2. *Kuiita Diwali sikukuu ya wageni.* Wapo Wahindu waliozaliwa hapa na ambao ni raia kama wewe. Mtahiniwa anayewaita wageni hupoteza alama. Raia anayefanya hivyo humtenga jirani yake.

Jipime
"Kusherehekea pamoja si kuamini pamoja." Jadili kauli hii kwa hoja nne, ukitumia mfano wa Diwali. Kila hoja iwe na maelezo na mfano kutoka mazingira yako.